Mwalimu wa Ukutani

Walimchukua mke wangu, halafu baada ya miezi michache wakatuletea picha yake. Huo ndio ubadilishanaji tuliofanyiwa shuleni kwetu, na sijapata mahali pa kupeleka malalamiko, maana kila ninayemweleza hunipa mkono na kuniambia hongera.

Naomba nieleze taratibu, nisije nikaonekana mtu wa kulialia. Shule yetu ilikuwa na mwalimu mmoja wa hisabati aliyeeleweka, naye ni huyo mke wangu. Sisi wengine tulijua hisabati ya kukwepa vipindi vya mchana. Wakubwa wa elimu walipoamua kwamba somo lile lifundishwe kwa skrini, mwalimu mmoja hodari asimame studio na shule arobaini zimsikilize kwa wakati mmoja, walizunguka sana wakitafuta mtu. Kwetu walikaa nyuma ya darasa lake kipindi kimoja tu. Kengele ilipolia walikuwa wameacha kuandika kitambo, wamekodoa macho ubaoni kama watoto. Nikajua nimekwisha.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili. Studio iko kwenye mji mkubwa, mwendo wa siku nzima kutoka kwetu, mwendo ambao hauruhusu mtu kusema "nakuja mara moja." Tulikaa mezani tukazungumza kama watu wazima. Nilimwambia aende, bahati ni kama ndege, ukiipigia hesabu imeruka. Akaniuliza kama nina hakika. Nikamtania kwamba angalau sasa nitalala katikati ya kitanda. Akaniuliza tena, nikamtania tena. Akacheka, akaanza kukunja nguo.

Kipya kinyemi ingawa kidonda. Skrini ilipofungwa ukutani kwenye darasa la sita, shule nzima ilikuja kuichungulia, na mpishi wa shule aliacha maharage yakaungua. Juu yake iliwekwa kamera ndogo nyeusi kama jicho la kuku. Watoto wakapewa vishikwambi vya kufanyia jaribio mwisho wa kipindi, na kando ya ubao kikafungwa kitufe cha kijani. Darasa likiwa na swali, kitufe kinabonyezwa. Huko studio jina la shule linawaka mbele ya mwalimu, naye akipenda analichagua, na kwa dakika hiyo anawaona na kuwasikia. Asipokuchagua, wewe unamwona, yeye hakuoni. Na mke wangu, kwa kuogopa kuambiwa anapendelea kwao, alituchagua mara chache kuliko shule zote.

Kilichobaki ni kumpata msimamizi, mtu mzima wa kukaa darasani, kuwasha, kuzima, na kuhakikisha hakuna anayepigana. Mkuu wa shule, mama asiyecheka kabla ya chai ya saa nne, alinitazama mimi mwalimu wa jiografia, akasema kazi hiyo ni yangu kwa kuwa nimeshazoea kumsikiliza. Chumba cha walimu kilivunjika mbavu. Yeye hakucheka. Saa nne ilikuwa bado.

Sheria ya msimamizi ilikuwa fupi: hafundishi. Anayefundisha ni aliye ukutani. Watoto wakanibatiza Rimoti, na mke wangu wakamwita Mwalimu wa Ukutani. Ukitaka kujua ndoa ilivyo, angalia hapo: mmoja anazungumza, mwingine ameshika rimoti na bado hana mamlaka.

Sasa kuna jambo sikulitegemea. Kwa miaka yote tuliyofundisha shule moja, darasa langu na lake ukuta kwa ukuta, sikuwahi kumwona mke wangu akifundisha. Nani anamwona mwenzake? Kila mwalimu ana kipindi chake na mlango wake. Nilikuwa nasikia ule ukuta unanguruma, unanyamaza, halafu watoto wanaangua kicheko, nami naendelea na mito na milima yangu. Nilijua anavyokoroma, anavyonuna, anavyotafuta miwani iliyo kichwani kwake. Alivyo mbele ya ubao sikujua. Hilo nililetewa na mafundi, ndani ya boksi.

Siku ya kwanza aliuliza swali, kisha akanyamaza. Nikadhani mtandao umekatika, nikainuka kwenda kutikisa waya. Kumbe anasubiri. Mwanamke ambaye nyumbani hakuacha hata upenyo wa kupitisha "ndiyo," pale alisimama amefumbata mikono, anatazama mbele, anawapa watoto asiowaona nafasi ya kufikiri. Na darasa likafikiri. Ukimya wake ulikuwa na uzito. Mtoto wa shule nyingine alipochaguliwa akajibu ovyo, hakumwambia amekosa. Alisema, "Hilo kosa zuri. Hebu tulipasue tuone kuna nini ndani." Wakalipasua. Ndani mlikuwa na somo zima.

Akikaribia kutania hugusa ncha ya sikio. Hilo nalijua tangu uchumba, kwa hiyo darasani nilikuwa nacheka kabla utani haujafika, na watoto wakaanza kunitazama kwa wasiwasi. Siku moja, mwaka wa pili, darasa la sita jipya likiwa limeingia, aliuliza, "Kuna mtu hajaelewa hapo?" nami nikajibu kwa sauti, "Mimi." Vichwa vyote vikageuka. Kulikuwa na binti wa dawati la mbele tuliyemwita Bi Swali, kwa sababu hata ukimwambia habari za asubuhi alitaka kujua umezipata wapi. Akanigeukia kwa huruma.

"Mwalimu, hakusikii."

"Najua," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyemwoa."

Lakini kweli sikuwa nimeelewa, na hilo lilinikera. Nikaanza kubeba daftari nyumbani. Jioni nikishakula nafuta meza, nafanya mazoezi aliyotoa asubuhi, nikikosea narudia. Ilikuwa njia yangu ya kukaa naye. Mtu mwingine angetazama picha za harusi. Mimi nilitafuta kigawe kidogo cha shirika. Na kwa kuwa macho hayana pazia, nikaanza kuona darasani nani anaandika bila kuelewa, nani anaitikia kwa kichwa huku amelala. Skrini ikizimwa nilikuwa nabaki nao, nazunguka dawati hadi dawati, nauliza kama anavyouliza yeye, nanyamaza kama anavyonyamaza yeye. Sheria ilisema sifundishi. Nikajiambia hii si kufundisha, hii ni kupiga soga kuhusu sehemu na desimali. Hata jiografia yangu ikabadilika. Nilipouliza kwa nini mto unapinda na nikafunga mdomo, watoto walishtuka, wakadhani naumwa.

Nyumba nayo ilikuwa na mambo yake. Mwanetu wa pekee yuko bweni, hivyo tulibaki mimi na saa ya ukutani. Ndala zake ziliachwa mlangoni. Nikifagia naziinua, nafagia chini yake, naziweka palepale, vidole vikielekea ndani kama za mtu aliyekwisha kuingia. Kuhusu kulala katikati ya kitanda, nilijaribu. Katikati kuna baridi.

Likizo zetu ndizo studio walizozitumia kurekodi masomo ya akiba, kwa hiyo alikuja mara chache, na akija anakuja kama mgeni, anauliza sufuria ziko wapi. Anakaa siku mbili tatu, kisha sanduku linarudi mlangoni. Mimi huyo nalibeba hadi kituoni huku nikimsimulia vituko vya mkuu wa shule, ili mradi asipatikane mtu wa kulia.

Kwenye simu alizoea kuniuliza, "Umenikumbuka?"

Nami nikazoea kumjibu, "Nikukumbuke vipi, na nakuona kila siku? Wenzangu wake zao wako jikoni na hawawaoni kama ninavyokuona mimi, sura nzima, kwenye kioo kikubwa."

Alikuwa anacheka. Zamani nilijua kupima kicheko chake, kipi cha furaha na kipi cha kunifichia. Kwa simu mizani hiyo ilinipotea.

Mwaka wa pili ulipokaribia kuisha, mkuu wa shule aliniita ofisini. Alinieleza kwamba mkaguzi anakuja, na katika shule zote arobaini amechagua yetu, kwa sababu ndiko mwalimu alikotolewa: wanataka kujua kama picha imeziba pengo la mtu. Atakaa kipindi kimoja, ataona matokeo ya jaribio papo hapo. Akiridhika, mke wangu ataombwa atie saini miaka miwili mingine. Asiporidhika, mpango mzima utasimamishwa, na mwalimu atarudishwa kwenye kituo chake cha kazi. Mkuu alitamka "kituo chake cha kazi" huku akitazama dirishani. Nadhani lilikuwa ndilo jambo la huruma kabisa alilowahi kunifanyia.

Habari haikukaa ofisini. Saa nne, kwenye chai, mwalimu wa Kiswahili alivuta kiti karibu yangu. Huyu huniita shemeji, kwa kuwa mke wangu alimfanya kaka yake tangu siku alipomfukuzia nyoka chooni.

"Shemeji, sheria inasemaje? Msimamizi hafundishi. Basi usifundishe. Wale watoto tunajua anayewaelewesha ni wewe, skrini ikishazimwa. Siku hiyo kaa kitako kama sheria inavyotaka, mambo yaende mrama, mkeo arudi. Mwanamume gani mwingine amewahi kuambiwa atarudishiwa mke kwa kukaa tu?"

Meza nzima ilicheka, nami nikacheka kuliko wote. Nikasema kukaa ni kipaji, siyo kila mtu amejaliwa. Lakini maneno yale nilirudi nayo nyumbani. Niliyatia kwenye chai ya jioni, nikayanywa. Na nikaazimia kukaa. Sikukusudia kuharibu chochote, Mungu anajua. Kukaa tu, mikono mapajani, mtu anayetii sheria. Usiku ule niliota nimefungua mlango nikakuta ndala hazipo, nikafurahi, kwa kuwa maana yake ziko miguuni mwake.

Mkaguzi alikuwa mtu wa makamo, mpole, mwenye suti iliyombana mabegani. Alikataa kiti tulichomwekea, akajibana kwenye dawati la mwanafunzi nyuma ya darasa, magoti yakamfika kidevuni. Watoto walimpenda mara moja. Nikawasha.

Somo la siku hiyo lilikuwa kugawanya sehemu kwa sehemu. Nilikuwa nalisubiri kwa hamu, maana nilijua namna anavyolipenda. Alipotokea kwenye skrini nikaona kitu hakiko sawa. Alisimama kama mtu anayesoma tangazo la msiba wa jirani. Sikio halikuguswa. Aliandika tatu ya nne, gawanya kwa moja ya nane, akasema bila kututazama, "Sehemu ya pili igeuzeni juu chini, kisha zidisheni. Ndivyo ilivyo."

Ndivyo ilivyo. Maneno hayo ni marufuku nyumbani kwangu. Niliwahi kumwambia hivyo mwanetu alipoulizia jambo la hesabu, mke wangu akatoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuniuliza nani kanituma.

Watoto waliandika, maana watoto huandika chochote. Wakageuza, wakazidisha, wengine wakageuza zote mbili kwa usalama. Bi Swali akainua mkono. "Kwa nini tunageuza?" Nikabonyeza kitufe cha kijani. Mke wangu alitazama pembeni, mahali ambapo nilijua majina ya shule yanawaka, na hakuchagua yeyote. Akaandika mfano mwingine. Igeuzeni, zidisheni. Mkaguzi akaandika kitu.

Nikakaa. Sitaki mtu afikiri ilikuwa rahisi. Niliikalia mikono yangu, kihalisi, viganja chini ya mapaja, na kila nilichokitaka duniani kilikuwa kinakuja chenyewe bila mimi kufanya lolote. Nilikiona kabisa: sanduku likiingia badala ya kutoka, taa ya jikoni ikiwaka mimi nikiwa sebuleni, mtu wa kunikatiza maneno. Robo saa nyingine tu ya kutii sheria.

Halafu nikamtazama usoni. Sura ile nimeiona kwenye homa, nimeiona kwenye uzazi, nimeiona siku tulipomzika mama yake. Sikuwahi kuiona ikiaibika. Na sasa ilikuwa inaanguka mbele ya shule arobaini, mkaguzi yuko na kalamu, nami nimekaa nangoja matunda ya kuanguka kwake. Mwenzako akiteleza sokoni humwachi chini ati kwa sababu mkifukuzwa sokoni mtafika nyumbani mapema. Nikainuka.

Nilipunguza sauti ya skrini. Nikafungua kabati langu la jiografia, nikatoa kamba tunayopimia uwanja, nikaomba watoto wawili waivute ubaoni, nikaitia alama sehemu nne sawasawa na kuifunga fundo kwenye robo ya tatu. Tuna robo tatu za kamba. Nikachukua kipande kilicho moja ya nane ya kamba nzima, nikauliza: vipande kama hiki vinaingia mara ngapi hadi kwenye fundo? Kisha nikanyamaza. Mkaguzi aliacha kuandika. Ukutani mke wangu alikuwa anaendelea kusogeza midomo bila sauti, na katika ndoa yetu hiyo ilikuwa mara ya kwanza.

Walipima. Mara sita. Nikawauliza kamba nzima ingekuwa na vipande vingapi. Nane. Na sisi tuna robo tatu tu za hiyo nane. Bi Swali alisimama pole pole kama mtu anayeona kitu kinakuja barabarani. "Kumbe hatugeuzi," akasema. "Tunauliza nzima moja ina vipande vingapi, halafu tunachukua sehemu yetu." Nikamwambia aseme tena kwa ajili ya wale waliolala. Akasema tena, na wale waliolala wakaamka.

Jaribio lilipotumwa kwenye vishikwambi, karibu darasa zima lilipata. Mkaguzi alijinasua kutoka kwenye dawati, akaja kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilianza kuomba radhi kwa kuvunja sheria. Akasema sheria ndiyo itakayoomba radhi. Alisema hajaona ushirikiano kama ule baina ya mwalimu wa studio na mtu wa darasani, yaani mmoja anaacha pengo na mwenzake analijaza. Ataandika kwamba mpango uendelee, na mwalimu yule aongezewe kazi ya kuwafunza wasimamizi wote wafanye kama nilivyofanya mimi. Alikuwa na furaha ya kweli, mtu mwema yule. Nilimshukuru, nikaenda bombani kunawa mikono, nikanawa sana.

Siku iliyofuata mke wangu alirudia somo lote upya kwa shule zote, na safari hii alikuwa na vipande vya karatasi na maswali na ukimya wake. Nikasema alhamdulillahi, homa imepita. Sikuelewa kitu.

Alipiga Jumapili. Nilikuwa uani nafua; nikaiweka simu juu ya ukuta wa bafu, sauti wazi, nikaendelea kusugua kola.

"Mwalimu," akasema. Tunaitana hivyo sisi wawili tangu zamani. Ulikuwa utani, ukageuka jina. "Mkaguzi amekusifia mpaka nikaona aibu. Anasema umekiokoa kipindi changu."

Nikamwambia nilimwona amechoka, nikampokea mzigo, ndiyo kazi ya mume.

"Sikuwa nimechoka."

Akaeleza. Yalikuja vipande vipande, na mengine kwa hasira, kwa hiyo nitayapanga mwenyewe. Alijua mkaguzi atakaa darasani kwangu. Alijua sheria imenifunga kwenye kiti. Akapanga kufundisha vibaya kipindi kimoja, kimoja tu, ili ripoti iseme picha haijaziba pengo, wamrudishe alikotoka. Na kesho yake awarudie watoto wote awape haki yao, kama alivyofanya. Alisema kufundisha vibaya kwa makusudi ni kazi ya sulubu. Swali la Bi Swali alilisikia mpaka kesho yake, ingawa hakulisikia; alijua tu kwamba kuna mtoto mahali fulani ameliuliza.

"Nikategemea darasa lina mtu asiyejua kugawanya sehemu," akasema. "Mwalimu, wewe lini umejua kugawanya sehemu?"

"Jioni," nikamjibu. "Hakuna kingine cha kufanya."

Povu lilikuwa linaniteremka kwenye viwiko. Nikamuuliza kwa nini asingesema tu kwamba anataka kurudi, mambo yakaisha.

"Nimwambie nani? Mtu anayelala katikati ya kitanda? Kila nikikuuliza kama umenikumbuka unaniambia unaniona kwenye kioo kikubwa. Nikasema basi, mwenzangu ametosheka na picha. Nilitaka nirudishwe. Mtu akirudishwa na wakubwa haulizwi amefuata nini." Akavuta pumzi. "Wameleta mkataba. Wanataka jibu kesho."

Mimi ni mtu wa utani. Utani umenivusha kwenye mambo ambayo wengine yaliwalaza chini. Nimewahi kupewa uhamisho wa kwenda shule isiyo na paa, nikawaandikia nyumbani kwamba tunafundishwa na nyota. Siku ile niliutafuta utani nikaukosa. Nilisimama tu uani na shati mkononi, maji yanachuruzika, nikaona kwamba kila nilipomchekesha yule mwanamke nilikuwa namfungia mlango, na yeye alikuwa nje anasikiliza kama kuna mtu ndani.

"Rudi," nikasema.

"Umesemaje?"

"Rudi nyumbani. Nakuona kila siku na sikuoni. Nimechoka kukutazama."

Nilisikia gari likipita huko kwake, kwenye mtaa nisioujua. Kisha akauliza kuhusu watoto. Shule arobaini, alisema, siyo jambo dogo, na kuna mtaa mzima wa wazazi waliomtumia salamu. Nikamwambia najua, na nisingependa kuwa mimi wa kuwaeleza.

"Wao watapewa mwalimu mwingine," nikasema. "Mimi nimepewa wewe tu."

Alilia, au alicheka. Kama nilivyosema, kwa simu siwezi kupima. Alichosema baadaye ni kwamba nimpe nafasi afikiri, na kwamba nianue nguo kwa kuwa ananijua, nitazisahau. Nguo zenyewe zilikuwa bado ziko kwenye beseni.

Jumatatu niliwasha skrini mapema kuliko kawaida. Alikuwa amevaa kitenge kile nilichomnunulia tulipohamia nyumba yetu, lakini pengine ilikuwa ni nguo tu. Alifundisha kipindi chote kuanzia mwanzo hadi mwisho bila kusema lolote lingine, na akafundisha vizuri kuliko siku zote nilizomwona, mpaka nikaanza kuogopa, maana hivyo ndivyo mtu anavyofundisha akiwa anabaki, na hivyo ndivyo anavyofundisha akiwa anaaga. Zikibaki dakika chache akaweka chaki chini. Akawaambia shule zote kwamba muhula huu ukiisha, naye ataisha. Atakuja mwalimu mwingine, kijana, hodari, mwenye aibu kidogo, wampokee vizuri na wasimcheke akikosea. Yeye anarudi shuleni kwake kufundisha watoto anaowaona.

Darasa langu halikushangilia, ingawa shule yake ndiyo hii hii yetu. Wale ni watoto wa darasa la sita. Yeye akirudi wao watakuwa wamekwenda darasa la saba, na darasa la saba lina mtu wake. Walikuwa wameshapiga hesabu hiyo kabla sijaipiga mimi. Bi Swali akageuka.

"Mwalimu, nani kamwambia aondoke?"

Ningeweza kusema wakubwa. Wakubwa ndio hufanya kila kitu, hakuna mtoto anayebisha hapo.

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu nataka awe nyumbani."

Akanitazama muda mrefu. Hakuwa na hasira, alikuwa anapima. "Na sisi je?" akauliza.

Nilinyamaza, na haukuwa ukimya wa kumpa yeye nafasi ya kufikiri. Kengele ikalia. Wakatoka wakinipita pembeni, hakuna aliyeniita Rimoti.

Kesho yake waliingia darasani, wakasimama, wakaisalimia skrini ikiwa bado imezimwa, "Shikamoo mwalimu," kwa sauti moja. Mimi walinipita kama mlango. Muhula ulikuwa bado na wiki nyingi. Nikawasha.